Baba Hakuendesha Kifaru

Enzi zetu, sisi tuliokwenda shule na jembe begani na kidumu cha maji mkononi, kuwa mtoto wa mwanajeshi kilikuwa cheo. Siku hizi ukimwambia mtoto kuwa fulani ni mwanajeshi, atakuuliza kama kambini kuna mtandao. Pale kwetu Runazi, wilaya ya Biharamulo, shule nzima ilikuwa na watoto wawili tu wa mwanajeshi, na wote wawili tulitoka nyumba moja: kaka yangu Faustini na mimi Yustina. Mdogo wetu Domina bado alikuwa anabebwa mgongoni, kwa hiyo hakuhesabiwa.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kipya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, kila nyumba ikiwa na migomba yake, tukaja kupangwa kwenye mistari iliyonyooka kama matuta. Bibi, mama yake baba, hakupenda kabisa. Alilalamika kwamba jirani akipiga chafya upande wa pili, yeye huku anaitika. Lakini baba alipokuja likizo kwa mara ya kwanza baada ya kuhama, alisimama barabarani, akaziangalia zile nyumba zilizojipanga, akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Sasa hapa pamekuwa kama kambini," alisema. Bibi akamjibu kwa Kisubi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Likizo za baba zilikuwa sikukuu yetu. Alishuka kwenye lori kule barabara kuu, akatembea na begi lake refu la kijani begani, na sisi tukamkimbilia tukigombania kubeba kofia. Alinukia dawa ya viatu, jasho, na kitu kingine kama moshi ambacho sikukijua. Ndani ya begi kulikuwa na biskuti za jeshi, ngumu kama vigae. Uliweza kuinyonya moja tangu asubuhi mpaka kengele ya kutoka shule, na bado ukabakiwa na ya kumringia mwenzako. Bibi, ambaye hakuwa na meno ya kutosha, alizilowesha kwenye uji na kusema kwamba hata adui akirushiwa hizi atakimbia.

Alfajiri baba alitutoa wote uani kupiga kwata. Mguu sawa! Mguu pande! Nyuma geuka! Faustini aligeuka kulia, mimi kushoto, tukagongana vichwa, na Domina akapiga makofi mlangoni. Blanketi lilikunjwa mpaka kona zake zikalingana. Kucha zilikaguliwa. Hata Bibi, alipodhani hatumwoni, nilimshuhudia akisimama mguu pande karibu na zizi la mbuzi, fimbo yake kifuani kama bunduki.

Kilichonishangaza ni kitu kimoja. Baba alikaa nje ya jiko, kama ilivyokuwa desturi ya wanaume wa kwetu, lakini alinusa hewa na kusema, "Mama Faustini, chumvi bado." Mama alionja, akakuta ni kweli. Siku nyingine alisema, "Hayo maharage yanataka kushika chini," na kabla mama hajafika chunguni tayari tulisikia harufu. Mama alicheka peke yake. Sisi tulidhani ndivyo pua ya mwanajeshi ilivyo, imefundishwa kunusa adui.

"Tata," nilimwuliza siku moja, maana sisi Wasubi baba tunamwita Tata, "jeshini unafanya kazi gani?"

"Natumika."

"Unatumika kufanya nini?"

"Ninachoamriwa."

Mama aligeukia ukutani, mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Sikujua anacheka nini, na wakati ule mtoto hakumwuliza mkubwa swali mara tatu.

Kisha vita vikaanza. Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Redio ya mwenyekiti wa kijiji iliwekwa kwenye kigoda nje ya ofisi, na watu wakakaa chini kuizunguka, kimya, kama wapo kanisani. Walimu walituchimbisha handaki nyuma ya madarasa. Lilikusudiwa kutuokoa na ndege za adui, lakini sisi tulilifanya mahali pa kuchezea kombolela, na mvua zilipojaza maji likawa bwawa la vyura. Mchezo wa vita ulikuwa na shida moja tu: hakuna aliyekubali kuwa nduli, yule mkuu wa adui. Tulipiga kura, aliyeshindwa akalia, akaenda kushtaki kwa mama yake. Mwishowe tulichukua shina la mgomba, tukalivisha gunia, likawa ndilo nduli. Tulilipiga mpaka likawa nyuzinyuzi.

Jeshi lilipopita kuelekea kaskazini, kijiji kizima kilishuka barabara kuu. Kila nyumba ilitoa kitu: mahindi ya kuchoma, mihogo ya kuchemsha, maziwa kwenye vibuyu. Tulisimama pembeni tukipunga matawi, tukiwarushia wanajeshi mahindi, nao wakiyadaka na kuimba. Mimi nilikuwa nakagua nyuso. Kila lori nilimtafuta baba, na kila lori hakuwamo. Ndipo likaja gari refu lililobeba kifaru mgongoni. Ardhi ilitetemeka, mbwa wakakimbilia mihogoni.

Pembeni yangu alisimama Stefano, mtoto wa msimamizi wa duka la kijiji, tuliyekuwa naye darasa la nne. Stefano alikuwa na viatu, na mtoto mwenye viatu wakati ule aliruhusiwa kuuliza chochote.

"Yustina, kwani baba yako yuko lori gani? Mbona hatumwoni?"

Watoto wengine wakageuka kunisikiliza. Nikanyoosha kidole kwenye kile kifaru. "Baba anaendesha kama kile. Ametangulia."

Basi, hapo maisha yangu yalibadilika. Kesho yake nilipofika shuleni nilikuta nimewekewa nafasi ya kukaa kivulini. Kwenye rede nilianza kuchaguliwa wa kwanza, mimi ambaye sikuwahi kumpiga mtu na mpira. Waliniuliza maswali, nami nikajibu yote. Kifaru kina usukani? Kina sukani mbili, mmoja wa kwendea mbele na mmoja wa kurudi nyuma. Kina honi? Kinayo, lakini haipigwi, adui atasikia. Baba analala wapi? Humo humo, kina kitanda. Bibi mwenyewe, habari zilipomfikia, alizunguka kwa majirani akisema mwanaye anaendesha "kifalu", maana herufi zile mbili, r na l, hazikuwahi kukaa mahali pake kinywani mwa Bibi. Faustini alijua nadanganya, kwa sababu hata yeye alikuwa hajui baba anafanya nini. Lakini alipewa namba ya mshambuliaji kwenye timu ya mpira, akanyamaza.

Miezi ikapita. Barua ilikuja moja tu, imekunjwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Baba alisema yu mzima, wapo mbali, tumsaidie mama, tusiache kunawa. Mama aliisoma, akamsomea Bibi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Baada ya hapo ikawa kimya. Jioni alikwenda kwenye redio ya mwenyekiti, akarudi, akaendelea kutwanga. Kutokana na namna alivyotwanga tulijua habari zilivyokuwa.

Halafu zikaja taarifa kwamba mwanajeshi mmoja wa Nyamahanga amefia vitani. Hatukuwa na undugu naye. Mama alijifunga kanga, akatembea kwa miguu kwenda msibani, akarudi na vumbi mpaka magotini. Alimkalisha Faustini, akanikalisha mimi, akatulisha kwa mkono wake, sisi wakubwa vile, tonge baada ya tonge, na hatukuthubutu kusema tumeshiba. Wiki ile hatukucheza vita. Mimi nilikuwa na hofu yangu peke yangu, hofu ya kitoto: niliamini kwamba kwa kumweka baba ndani ya kifaru kwa maneno yangu, nimempeleka mahali pa hatari ambapo hakuwa. Nilisali nikimwomba Mungu asinisikilize.

Alirudi mchana kweupe, vita vikiwa vimekwisha. Nilikuwa kisimani. Niliposikia vigelegele, niliacha ndoo ikigaagaa nikakimbia. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba, amekonda, buti zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Mama alitoka jikoni, mikono yote unga wa muhogo, akakimbia, akasimama ghafla hatua mbili mbele yake kama aliyeona aibu.

"Umekula?" alimwuliza.

Baba alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini uani palepale, naye mama akakaa, na Bibi akaanza kuwafokea wote wawili kwa kukalia mavumbi huku machozi yanamtoka.

Sasa ndipo balaa langu likaanza. Mwalimu mkuu alimwalika baba aje Jumatatu azungumze na wanafunzi. Usiku wa Jumapili sikulala vizuri. Asubuhi tulipangwa paredi, darasa la kwanza mpaka la saba, na baba akasimama mbele katika kombati zake zilizopigwa pasi ya mkaa. Hakuwahi kupendeza vile. Mwalimu mkuu akauliza kama kuna mwenye swali la kuanzia. Mkono wa kwanza, bila shaka, ulikuwa wa Stefano.

"Shikamoo afande."

"Marahaba."

"Tunaomba utueleze habari za kile kifaru unachoendesha. Zile sukani mbili."

Baba alimwangalia. Kisha macho yake yakapita kwenye mistari, mtoto mmoja mmoja, mpaka yakanifikia. Mimi nilikuwa nakagua kidole gumba cha mguu wangu.

"Kijana," alisema, "mimi siendeshi kifaru. Sijawahi hata kukipanda. Mimi ni mpishi."

Halafu mtu mmoja wa darasa la saba akacheka, na kicheko kikapita mistarini kama moto kwenye nyasi kavu. Mpishi! Mwanaume! Nilitamani lile handaki la vyura linimeze. Faustini alikuwa ameinamisha kichwa, namba yake ya mshambuliaji ikimponyoka.

Baba aliwaacha wacheke. Hakukasirika, hakupaza sauti. Walipochoka akauliza, "Mmemaliza? Haya. Nani amekula asubuhi hii?" Mikono ikainuka michache, tena kwa kusitasita. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, naomba nipewe maharage na mihogo ya shamba la shule, mapipa mawili, na wanafunzi wote mpaka mchana."

Mimi nimehudhuria mambo mengi, lakini sijaona tena kama siku ile. Alitugawa vikosi. Kikosi cha kuni, na ole wako ulete kuni mbichi. Kikosi cha maji. Kikosi cha kuchagua maharage, kikosi cha kumenya mihogo, kikosi cha kisamvu. Wakubwa aliwachimbisha meko ndani ya ardhi, na kutoka kwenye meko akawachimbisha mfereji mrefu, akaufunika kwa matawi na udongo, kama njia ya fuko. Alikuwa akitembea katikati yetu mikono nyuma, akinusa.

Moto ulipowaka akasimama. "Kule tulikokuwa," alisema, "adui akiona moshi, anajua watu wapo wapi, na mabomu yanakuja kabla ya chakula. Sasa nendeni mbali kadiri mnavyoweza. Atakayeuona moshi wangu atakula mara mbili."

Tulitawanyika kama kumbikumbi. Stefano alipanda kichuguu kikubwa nyuma ya ofisi, akavua viatu vyake vile ili apande vizuri, akakaza macho. Wengine walipanda miti. Moshi ulikuwa unapita chini, unapoa njiani, unatokea kwenye matawi kidogo kidogo mpaka hewa inaumeza. Mapipa mawili yalikuwa yanachemka, watoto zaidi ya mia wanatazama, na juu ya shule mbingu ilikuwa safi kabisa.

"Siuoni!" Stefano alipiga kelele kutoka juu ya kichuguu. "Afande, siuoni!"

Tulikula kwenye majani ya mgomba. Aliwapakulia kwanza wadogo wa darasa la kwanza, walimu wakawa wa mwisho, nao hawakubisha. Yeye mwenyewe hakuketi mpaka kila jani lilipokuwa na kitu. Maharage yale yalikuwa na vitunguu, yalikuwa laini, hayana jiwe hata moja, na muhogo ulipasuka ukiugusa. Stefano alilamba jani lake pande zote mbili. Halafu akamsogelea baba, sauti ikiwa ndogo: "Afande, nafasi za upishi jeshini bado zipo?"

Tukirudi nyumbani, Faustini alitangulia mbio kwenda kumsimulia mama. Baba na mimi tulitembea nyuma. Nilisubiri kofi. Baba alikuwa anatazama mashamba.

"Kwa hiyo nilikuwa naendesha kifaru."

"Ndiyo, Tata. Nisamehe."

"Kina kitanda ndani?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa. "Mle ndani kuna joto kama chungu kilichofunikwa. Ningeivia humo kabla risasi haijanifikia." Alicheka, nami nikacheka, kwa woga. Kisha akasema, "Adhabu yako utaipata. Kesho utamenya mihogo gunia zima."

Nilimenya, lakini alikuja akakaa pembeni yangu na kisu chake, akamenya nusu. Wanaume waliopita njiani waliangalia wakastaajabu, yeye akawasalimia tu. Ni wakati ule, ndiyo mara pekee, aliponieleza habari za vita. Hakuniambia nani alimpiga nani. Aliniambia habari za sajenti mmoja kutoka Keza, kule Ngara, Mhangaza mcheshi aliyependa ukoko. Kila baba alipopakua, sajenti alikuja wa mwisho makusudi, na mestini yake, lile bakuli la bati la jeshi, akisema hataki ugali wa juu, huo ni wa maofisa. Siku moja yeye na wenzake walitumwa mbele asubuhi. Jioni wengine walirudi kula. Baba alikwangua sufuria, akaweka ukoko kwenye mfuniko, akaufunika. Kesho yake akaweka mwingine. Siku ya tatu mkubwa wake alimshika bega akamwambia, "Mpishi, inatosha."

Nilimwona baba akigeuza kipande cha muhogo mkononi, kimeshamenywa, hakina ganda hata kidogo, na bado anatafuta pa kupitisha kisu. Nilichukua ule muhogo mkononi mwake nikautia kwenye beseni, nikampa mwingine. Tukaendelea.

Tangu siku ile sikumtaka tena aendeshe kitu chochote. Shuleni walipouliza, nilisema baba yangu ni mpishi wa jeshi, na kwa kuwa tumbo halisahau, hakuna aliyecheka. Alipostaafu alirudi Runazi, akawa anapika kwenye harusi na misiba ya kata nzima. Watu walimwita kwa mapipa yake kabla hawajamwita padri. Vijana walichimba meko kwa amri zake, akina mama wakakaa wakapumzika, jambo ambalo wao walilinong'ona kwa mshangao, na waume zao kwa hofu. Siku hizi harusi zetu zina wapishi wa kukodi wenye kofia nyeupe, wanakupakulia kijiko kimoja na kukutazama usirudi tena. Vijana wanapiga picha sahani kabla ya kula. Chakula kinapoa, wao wanasubiri kuona nani amekipenda kwenye simu. Nawatazama nacheka moyoni. Mkipigiwa mguu sawa ninyi, nani atasimama?

Miaka ya mwisho macho ya baba yalififia. Tulikuwa stendi ya Biharamulo, mimi na yeye, tukielekea Mwanza kwa daktari, tiketi mkononi mwangu na basi limeshawashwa. Mzee mmoja mwenye mkongojo alishuka kwenye basi la kutoka Bukoba. Alitupita, akasimama, akarudi nyuma, akainama kumtazama baba usoni.

"Mpishi!"

Baba aligeuka palepale, kama aliyeitwa jina la ubatizo. Alipapasa uso wa yule mzee kwa vidole, akapapasa sikio moja lililokuwa na kovu, akataja jina. Wakashikana mikono, na hawakuachiana. Mmoja akasema, "Yule wa Morogoro alikufa mwaka juzi." Mwingine akasema, "Na yule mrefu?" Wakaenda hivyo, jina baada ya jina, wakicheka kwa wengine, wakinyamaza kwa wengine.

"Mama, tunaondoka!" kondakta aliniita. "Mwambie mzee apande!"

Niliwatazama wale wazee wawili, wamesimama katikati ya stendi, watu na mizigo vikiwapita pembeni, wao hawasikii chochote. Nikamwambia kondakta aende.

Wote wawili wametangulia sasa. Wajukuu zangu, ambao wakikutana na rafiki wa siku nyingi humpungia mkono huku wanaongea na simu, hunicheka nikiwasimulia kwamba niliacha basi liondoke na tiketi ninazo, ili wazee wawili wamalize maneno yao. Na hawakuyamaliza, tulisafiri kesho yake. Ingekuwa leo, hata basi la kesho yake ningeliacha liende.